Salamu Kutoka Uvinza

Gidahuda hupiga usiku, kwa salio la kukopa,
na huanza na ng'ombe.
Yule wa baka usoni amezaa.
Dume la mjomba limevunjika pembe.
Mtamba wa shangazi aliuogopa Malagarasi,
ikabidi avutwe.

Mimi nimebaki huku Igunga, mbuga ya Wembere imepasuka,
namsikiliza na kuhesabu kwa vidole.
Wa baka usoni ni wa mama:
alitoka naye kwao siku ya kuolewa.
Na mama yake Gidahuda, mke mdogo,
alipofariki mtoto akiwa wa siku tatu,
ni ng'ombe huyo, bibi yake huyo, aliyekamuliwa.

Karani wa kijiji aliandika: ndugu wa kambo.
Nikamwambia, futa.
Akasema fomu haina nafasi ya ng'ombe.

Salio likikaribia kwisha ndipo aseme,
upesi, kama aliyekumbuka zizi halijafungwa:
Mke wangu kajifungua. Binti.
Tumempa jina la mama yako.

Mama yetu, nasema.
Mmemkamulia yupi?

Kimya.
Kisha kengele moja, karibu sana na simu,
na pumzi nzito ya mnyama.