Saruji

Binamu yangu Muhanna alisema: bomoa.
Mwaga zege, funga viyoyozi vinne,
tumalize kabla ya Ramadhani.
Nyumba ya Mudheirib haikuwa na paa.
Mbuzi walilala jikoni miaka arobaini,
na shubakani panya kazaa
juu ya barua za Tabora.

Mimi nililelewa nikijua saruji ni ya mfuko,
kilo hamsini, kijivu, ya kubebwa begani.
Huku ni udongo uliochomwa kwa vigogo vya mtende,
ukapondwa, ukaloweshwa.
Neno lilivuka bahari,
kitu chenyewe kikabaki.

Basi tuliloweka kuta.
Mimi na Rafiqul, fundi wa Sylhet, lugha yetu vidole.
Matofali yaliyoanguka tuliyatumbukiza pipani usiku,
asubuhi yakawa tope tupu,
hayakumbuki yalikuwa ya nani.
Tukatia majani makavu, tukakanyaga,
tukafyatua upya.

Paa: magogo, mikeka, udongo,
na juu yake paneli sita za sola
zinazokamua jua lile lile
lililomfukuza babu.
Maji ya kunawia yanateremka kwenye mlimau.
Zamu yetu ya falaji ni Jumatatu, nusu saa.
Sijachelewa bado.

Agosti, saa saba mchana, umeme wa mtaa ulikatika.
Muhanna akaja na mto wake kwapani,
hakusema kitu.
Akajinyoosha kando ya ukuta wa kaskazini,
shavu kwenye udongo,
akakoroma hadi alasiri.