Hatua Kumi na Moja

Kunawa mikono ni hatua kumi na moja.
Usicheke. Zihesabu mwenyewe leo jioni:
kunja mkono wa shati, wa kulia, kisha wa kushoto,
fungua bomba, lowesha, chukua sabuni,
sugua viganja, sugua migongo, pita kati ya vidole,
suuza,
funga bomba – hapa tulikaa muhula mzima –
futa.

Nilizichora kwenye katoni za unga wa ugali
nikazibandika juu ya sinki la chumba chetu cha mwisho,
Kariobangi Kusini, stoo ya madawati mabovu
hadi mwalimu mkuu aliposema,
basi, hao wako wakae pale.
Hao wangu ni tisa.

Shivachi ana miaka kumi na mitano, sauti imeanza kukwaruza.
Anajua namba hadi nne. Baada ya nne ni nyingi.
Shilingi, nyingi. Mbwa, nyingi. Walimu, nyingi.
Mama yake anauza omena Korogocho.
Kila Ijumaa hunisubiri langoni,
haulizi kama mwanawe atasoma, mzigo huo alishautua.
"Mwalimu, atajua kudai chenji?"
Na siku moja, akitazama viatu vyangu:
"Na mimi nikitangulia?"
Sina katoni ya swali hilo.
Nilimwambia, Jumatatu mlete mapema.

Basi tunafundisha. Sarafu ya kumi na ya ishirini
kwa kidole gumba, macho yamefumbwa.
Neno CHOO. Neno SUMU. Neno HATARI.
Nani anaruhusiwa kukuogesha, na nani haruhusiwi
kukugusa hapa, na hapa. Sema hapana. Sema tena,
ifike hadi langoni.
Wiki nzima Shivachi alimwambia kila mtu hapana,
hata uji.

Jumatano ile mgao wa maji ulibadilishwa bila taarifa.
Alikunja wa kulia, akakunja wa kushoto,
akafungua bomba.
Bomba likakohoa, likatema mate ya kutu, likanyamaza.
Mate yale yalimtosha. Alilowesha, akachukua sabuni,
akasugua viganja, migongo, kidole kwa kidole,
taratibu, kama mtu anayevisha mtoto mchanga.
Kisha akasimama mbele ya picha ya tisa.
Akaitazama picha. Akalitazama bomba.
Akanitazama mimi.

Miaka miwili nilikuwa nimemfundisha kunawa
katika Nairobi nyingine, isiyokuwapo,
ambako bomba likifunguliwa maji hutoka.

Povu lilikuwa limeanza kumkauka kwenye vifundo.
Nilikuwa nainuka, naapa nilikuwa nainuka,
Kathambi alipoziweka shanga zake chini.
Kathambi asiyesema. Kathambi ambaye faili lake
lina neno moja la wino wa buluu: hafundishiki.
Alienda nyuma ya mlango, kwenye mtungi wa njano,
akachota kwa kikombe cha bati,
akarudi polepole, akimwagia viatu vyake nusu ya maji,
akamimina. Kidogo.
Akangoja. Akamimina tena.

"Nyingi," akasema Shivachi.

Halafu akageuka akalifunga bomba,
bomba kavu, lisilo na kitu, akalikaza
kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha.

Fomu ya kaunti ina visanduku vitatu:
anaweza, anaweza akisaidiwa, bado hawezi.
Kalamu yangu ilielea juu ya jina la Kathambi
hadi kengele ya saa kumi.
Hawaulizi popote kama anasaidia.

Usiku, stima ikija na kupotea, nilikata katoni nyingine,
nikachora kikombe, na mkono ulioshika kikombe.
Mkono haukunitoka vizuri, vidole vilikuwa vinene mno,
na sikujua niupe namba gani.
Niliupaka rangi hivyo hivyo.