Kazi ya Tatu

Mwalimu Kisembo aliandika ubaoni kwa chaki ya buluu:
Nionyesheni kwenu. Nyumba isionekane.
Akajipangusa mikono kwenye suruali, akatoka;
wiki tatu, alisema akiwa nje tayari.

Kazi ya kwanza nilikuwa nimefinyanga birika,
likapasuka tanuruni, likaondoka na mtungi wa Byaruhanga.
Bado tunasalimiana, lakini kwa vidole.

Kazi ya pili, chapa. Nilichonga kaloli juu ya jalala la Banda,
kipara chake, mfuko wake wa koo, kila unyoya,
nikachonga na jina langu chini, Driciru,
nikasahau kwamba chapa hugeuza.
Likatoka URICIRD.
Darasa zima likasema linasomeka kama dawa ya minyoo,
na hadi leo kuna watu Kyambogo
wanaoniuliza nimezwe mara ngapi kwa siku.

Basi hii ya tatu niliiogopa.
Wiki ya kwanza sikufanya kitu. Nilifua.
Maji yalikatika Alhamisi nikiwa na povu hadi kwenye viwiko,
mashuka nikayasuuza Ijumaa, kwa dumu la kununua.
Nambozo, ninayelala naye chumba kimoja, anasomea uhasibu,
anahesabu vijiko vya sukari, anahesabu siku za gesi.
Aliniambia, "Kwenu Arua ni karibu kilomita mia tano.
Chora hizo."
Nilizichora. Zikafanana na utepe wa fundi cherehani,
nikakunja karatasi, nikawashia jiko.

Wiki ya pili, simu kutoka stendi ya mabasi:
kuna mzigo wako, uje kabla ya mvua.
Kopo la odi, karanga na simsim zimesagwa pamoja,
na ili mafuta yasivuje
Mama alikuwa amelizungushia mabaki ya vitambaa,
tabaka juu ya tabaka, pini moja imesahaulika ndani.
Ilinichoma. Nikaifyonza damu na odi kwa pamoja.

Nilikula nimesimama, kwa kidole,
kisha nikavitandaza vile vitambaa sakafuni.
Hazikuwa nguo. Kilikuwa kile mkasi ulichokikataa:
mviringo wa shingo iliyokwenda harusini,
kwapa la sare ya shule, pembe kali ya bega la gomesi,
na juu yake chaki ya Mama,
tarakimu zake zilizoinama kama zinapanda Dadamu na kuni kichwani.
Kiuno 41, huyo ni mke wa katekista, hajifichi.
Nikavitundika vyote darini kwa uzi, mapengo yakitazamana,
ukipita katikati unapiga bega
watu walioshaondoka na nguo zao.

Kisembo alizunguka mara mbili. Mara ya pili akavua miwani.
Akashika kipande cha satini ya kijani, akakigeuza.
"Na huyu D, kiuno 27, ni nani?"

Sikuwa nimekiona.
Nimebakiza mwaka mmoja na nusu,
na Mama ameshakata gauni langu la mahafali
kwa kipimo cha asubuhi nilipopanda basi.

Nilipata sitini na moja. Pembeni aliandika: uzi unaonekana mno.

Usiku nikampigia, bei ikiwa imeshuka.
Akauliza odi, akauliza kikohozi,
akauliza kama yule Nambozo amepata mchumba.
Nami nikauliza, polepole, Mama,
ukikata satini, huwa unaacha pindo?

Nikasikia cherehani ikisimama.
"Pindo kiasi gani?"

Nikaziwaza roleksi za Kireka, mayai mawili, kabichi,
kila jioni tangu Agosti.
"Inchi tatu," nikasema.

Akacheka mpaka salio likaisha.