Mvua ya Kondoa

Mwaka wa tatu huu ziwa halijaja.
Nasema halijaja kwa sababu Sulunga letu
huja na kuondoka, kama shemeji mwenye madeni.
Mtumbwi wa Ndahani tumeufanya hori.
Ndama wanalamba magadi
pale alipokuwa akikaa na kasia lake.

Yeye yuko Mtera. Hupiga simu Jumapili,
na kabla ya salamu anaisogeza simu majini
nisikie chubwi, chubwi.
"Perege, Sechelela! Wa kujaza karai!"
Kisha salio linaisha, au analimaliza.

Mwaka wa kwanza nilivua kwa jembe.
Maji yakikimbia, kambale hakimbii nayo,
hujizika na roho yake.
Unapiga jembe kando ya ufa, polepole,
unatega sikio:
tope likikujibu *pwa*,
hapo kuna mtu.

Mwaka wa pili tope likawa tofali.
Tukapanda mtama juu ya ziwa,
tukagombania mipaka.
Chedego alidai shamba lake linaanzia
pale alipokuwa akitega migono.
Mama Mnyukwa akasema hapana, hapo ni pake,
hapo ndipo ndoano ilimpasua kidole.
Mtendaji akataka alama, jiwe au mti.
Tukamwonyesha hewa:
"Hapa maji yalinifika kifuani."
Akaandika, akafuta, akaomba maji ya kunywa.

Mwaka huu hata mtama umekataa.
Nashona wavu mlangoni, inchi tatu,
nakata maboya kwa ndala kuukuu,
na wapitao wanapunguza sauti
kama wanaopita msibani.
Sijali. Panya hawangoji ziwa,
wanatoboa hata mwaka wa kiangazi.

Basi usiku ule, Februari, mbingu kavu,
nyota zote nje kama punje kwenye ungo,
nikasikia mtu anakokota ngozi ya ng'ombe
mbali, upande wa kaskazini.
Ngozi haikuisha kukokotwa.
Nikatoka na tochi.

Kwetu halikudondoka hata tone.
Ilinyesha Kondoa, na Bubu ukaibeba.
Lilitangulia povu, la rangi ya chai,
likafuata mabua, kibuyu kilichopasuka,
mbuzi mmoja, tumbo juu,
na ndala ya mtoto, bluu, ya kushoto,
mkanda wake umefungwa kwa waya.

Kulipokucha, mpaka wa Chedego ulikuwa chini ya maji
na Chedego mwenyewe yumo hadi magotini,
anacheka peke yake, suruali imelowa,
anamwita Mama Mnyukwa aje na migono.

Wavu wangu ulipungukiwa boya moja.
Nikaishika ile ndala, nikachukua kisu.
Raba nzuri, nene.
Nikaitundika kwenye boma la miiba,
soli ikitazama Kondoa.
Mguu wake huenda uko mahali unachechemea.
Boya nikakata kwa yangu.

Jumapili simu ikalia.
Sikuitikia salamu.
Nikashuka, mguu mmoja peku,
nikainama, nikaisogeza simu majini
mpaka mkono ukachoka.

Kimya. Nikadhani salio.
Halafu akauliza, sauti imemkauka:
"Ndama umeshawatoa?"