Sahani ya Baba

Mchana anatoa fotokopi, stesheneri moja ya Mbuyuni:
vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya vifo, bei ileile.
Usiku, Pasua, katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja,
dada yangu Ndeonasia anajenga nyumba.

Hajengi kwa tofali. Anajenga kwa kompyuta ya mtumba
yenye herufi tatu zilizofutika na feni inayokoroma kilevi.
Peke yake. Hana kampuni, hana fundi wa muziki,
sauti zote kazinasa kwa simu iliyopasuka kioo:
masika juu ya bati,
kandambili za mama zikiburuta sakafu,
na luku, ile siku uniti zinapokaribia kuisha,
ti. ti. ti.
Ndiyo zimwi lake hilo. Hakuna jingine.

"Kaa," aliniambia Jumamosi. "Cheza. Usiniulize kitu."

Mimi nilitegemea damu. Nilitegemea jini lenye kwato.
Nikapewa sahani.
Nikapewa mikono ya mtoto wa miaka tisa,
mchuzi umejaa hadi ukingoni,
na maandishi chini ya kioo: *Mpelekee baba.*

Nyumba niliijua. Ni ile ya Kibosho,
ukuta wa kijani hadi kiunoni, juu yake chokaa,
kalenda ya chama cha kahawa iliyogoma mwezi Agosti,
nje migomba inagusana mabega.
Ila korido haikuwa ile.
Kila usiku wa mchezo korido inaongeza mlango.
Mlango wa nne. Wa saba. Wa kumi na moja.
Huwezi kupigana. Huwezi kukimbia, mchuzi utamwagika.
Unachoweza ni kubana pumzi kwa kitufe kirefu cha chini
na kumsikiliza mtu anayekohoa
upande ambao hujafika.

Utotoni tulitegana: *Nyumba yangu haina mlango.* Yai!
Hii ina milango tele, na mwenye jibu
yuko nyuma yangu kitandani anamenya chungwa,
ganda linaning'inia, refu, halikatiki.

Mara tatu nilifika. Mara tatu nikaulizwa:
*Ubishe hodi, au uiweke chini?*
Mara tatu niliiweka chini nikatimua,
kioo kikawa cheusi, ti, ti,
na jioni ikaanza upya, sahani nyingine, mchuzi uleule.

"Vipimo umekosea," nikamwambia.
"Korido ile ilikuwa hatua tisa. Nakumbuka."

Akatema mbegu kiganjani.
"Wewe ulikuwa hupeleki."

Basi. Hatukuongeza neno.
Tulipomzika, wasifu wa baba niliusoma mimi,
kurasa mbili, watu wakaguna kwa heshima.
Nakala mia za ule wasifu
alizitoa yeye.

Saa nane usiku. Kalala, uso ukutani.
Nikachomeka spika za masikioni, nikaiwasha tena,
na safari hii sikwenda mbele.
Niligeuka na sahani yangu. Mchezo haukukataza,
ni mimi tu sikuwahi kufikiri.
Hatua tisa. Nikazihesabu. Tisa, nikawa jikoni.

Mafiga, moto, moshi wa vitone vya kijivu.
Kwenye kigoda ameketi mvulana, mgongo kwangu,
shati la shule lenye kiraka cha bluu begani.
Kiraka hicho nakijua. Kilikuwa kinaniwasha.
Anakula. Anakula vizuri, taratibu,
na kila korido inapokohoa
anaongeza tonge.

Nikatafuta kitufe cha kumwita. Hakipo.
Cha kumshika bega. Hakipo.
Nikabonyeza kile kirefu, nikabonyeza hata
zile herufi tatu zilizofutika.
Hageuki.

Ti, ikasema luku ya ukutani, ya kweli.
Uniti mbili.