Harage Lenye Tundu

Nambozo, Jumamosi utakaa na Gidudu
nyuma ya ghala la kahawa, Barabara ya Naboa,
pale taa inapowaka ikitaka.
Ubao ni plaiwudi, mistari kumi na tisa kwa kumi na tisa,
aliichora mwenyewe kwa rula ya shule;
wa saba umepinda, usiuchekee.
Nyeusi ni buni zilizokaangwa, nyeupe ni maharage.
Huu si mweso: iliyokaa imekaa.
Atakupa buni. Humpa mgeni buni, kwa adabu,
na adabu yake ndiyo kete yake ya kwanza.

Weka yako kwenye kona, tatu kwa nne.
Atakuja kwa juu, kama jirani anayeomba moto.
Utamgusa kwa chini. Atainama kukuzuia.
Utarudi nyuma kidogo, kona umeishika,
na hapo kila mwenye akili zake
angeunga. Yeye haungi.
Ataweka harage huko kando,
ataacha pengo wazi kama mlango wa duka asubuhi,
kisha atakuuliza bei ya saruji.

Usijibu habari za saruji.
Pengo litakuita kwa jina lako la nyumbani.
Kidole kitashika buni kabla wewe hujajua,
maana nani aliyeona ukuta una ufa
akapita bila kuuchokonoa?

Mimi nilikata. Mara kumi na moja nilikata.
Akanigonga huku, nikakimbia; akanigonga kule, nikaunga;
akanipa harage moja, nikala,
akanipa la pili, nikala,
hata lile lenye tundu la dumuzi,
na kila nilipomeza nilibanwa,
buni zangu zikawa bonge la matope,
pumzi tatu za kuhesabu,
na nje, pande mbili, ukuta mweupe
ukiutazama uwanja mzima.
Kona yangu! Pointi sita na mdomo mtamu.
Yeye akafuta miwani.

Ningepaswa kujua. Mimi hupima kahawa.
Msimu ule mnunuzi mmoja alilipa gunia la kwanza
shilingi mia tano juu ya bei, kila kilo,
noti bado zinanukia benki.
Watu wa Budadiri wakamshushia magunia yote,
na la pili hadi la arobaini
yakapimwa kwa mizani yake.

Sasa sikiliza. Dawa ni ndogo, haina sifa.
Usikate. Nyoosha tu. Buni moja
ubavuni pa zile zako, kama mtu anayesogeza kiti.
Utadhani hakuna kilichotokea.
Lakini hesabu: pengo lake bado ni pengo,
lile harage la kando haliungi wala halizuii,
na sasa ana majeraha mawili na zamu moja.
Akiziba la juu, kata la chini.
Akiziba la chini, ondoka,
nenda kona nyingine, mwache na deni lake.

Na akicheza tofauti? Atacheza tofauti.
Ana mitego mingine, mmoja ameupa jina la mama mkwe wake.
Huwezi kuikariri yote.
Uliza tu: kingekuwa kitamu hivi,
angekiacha?

Siku niliyonyoosha, mara ya kumi na mbili,
saruji ilimtoka mdomoni.
Mvua ilishuka kutoka Wanale, bati likapiga kelele,
akaitazama kona ile mpaka chai ikaota utando.

Nikashindwa kwa pointi tatu na nusu.
Sehemu hiyo sikupanga kukuambia.
Kona niliiokoa, kisha nikaipenda,
nikawa naiangalia kama mtu mwenye viatu vipya
huku yeye akitembea uwanja wote.

Kwa hiyo nyoosha, halafu isahau.
Ukimaliza nawa mikono, harufu ya buni haitoki upesi.
Na safari ijayo akikusogezea bakuli la maharage,
ujue amekuheshimu.
Hapo ndipo ukae macho.