Sikio

Homa moja iliingia nyumba moja, hapa Sisimiut.
Pipaluk aliumwa siku mbili, ya tatu akadai mkate na jamu.
Qillaq, tumbo moja, ziwa moja,
yupo hospitali ya Nuuk, mashine inampumulia.

Daktari Birthe alichora nyuma ya risiti ya viatu:
kirusi kikipenya, seli ya kwanza hupiga mbiu,
za jirani husikia, hukomea milango.
"Mbiu ililia," akasema. "Ililia sana.
Seli zake hazina sikio."

Herufi moja ya urithi imeruka.
Nusu ya kosa ni yangu, nusu ya Ujuut,
ambaye hajapata kupiga chafya hata barafuni.
Tangu jana anafua glavu zilezile.

Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu.
Nyamazeni.
Hilo sikio halikuwahi kuwepo,
na kinga iliyochotwa damuni mwa watu baki
inamwingia mshipani, tone, tone,
bila kubisha hodi.

Tumboni wa tatu anapiga teke.
Akizaliwa watamchoma kisigino, tone moja kwenye karatasi.
Nami kila usiku namwita kwa sauti,
nione kama atageuka.